Idadi ya spishi, Shannon au Simpson: kipimo kipi kikufae?

Tuseme nyavu tatu za utafiti zimevutwa sehemu tatu za Ziwa Victoria, na kila mmoja umetoka na samaki 100 kamili. Hesabu ni za mfano, nimezipanga ili tofauti ionekane vizuri, lakini samaki ni wale wale wanaojulikana na kila mtu wa Mwanza, Musoma au Bukoba. Wavu wa kwanza una sangara 50 na furu 50, na furu hao ni wa spishi kumi, watano kwa kila spishi. Wavu wa pili una sangara 25, sato 25, ningu 25 na gogogo 25. Wavu wa tatu una sangara 89, na wale 11 waliobaki kila mmoja ni wa spishi yake: kamongo mmoja, mumi mmoja, sato mmoja, na kadhalika.

Ni sehemu ipi yenye bayoanuwai kubwa zaidi? Hapa chini kuna majibu ya vipimo vitatu; Shannon na Simpson ni majina ya watu waliobuni viwili kati yake, na nitavieleza kimoja kimoja.

| Kipimo | Wavu wa 1 | Wavu wa 2 | Wavu wa 3 |
|---|---|---|---|
| Idadi ya spishi | 11 | 4 | 12 |
| Shannon (H) | 1.84 | 1.39 | 0.61 |
| Simpson (1 − D) | 0.73 | 0.75 | 0.21 |

Kila kipimo kina mshindi wake. Anayehesabu spishi atakuambia wavu wa tatu ndio bora, wa Shannon atakuambia wa kwanza, na wa Simpson atashikilia wa pili. Wote wamepiga hesabu sawasawa, wala hakuna aliyedanganya. Ndiyo maana mwanafunzi wa chuo, ofisa wa uvuvi au kamati ya maliasili ya kijiji inayotaka kujua kama msitu wake unapona haifai kuchukua fahirisi (kipimo cha namba moja kinachoeleza uanuwai) ya kwanza inayoonekana kitabuni. Ni lazima kujua kila kipimo kinasikiliza nini na kinafumbia macho nini.

Vitu viwili vilivyofungwa pamoja

Wanaikolojia wanaposema jamii ya viumbe wana maana ya spishi zote zinazoishi pamoja mahali pamoja na kugusana: zinalana, zinagombania chakula na nafasi, zinasaidiana. Uanuwai wa jamii hiyo una sehemu mbili. Ya kwanza ni utajiri, yaani spishi ni ngapi. Ya pili ni ulinganifu, yaani wale viumbe wamegawanyika vipi kati ya spishi hizo, kwa usawa au spishi moja imemeza zote. Wavu wa pili ni maskini wa spishi lakini ulinganifu wake umekamilika. Wavu wa tatu umewapita wote kwa utajiri, na ulinganifu hauna. Fahirisi yoyote inayobana mambo haya mawili ndani ya namba moja imeshaamua lipi lipewe uzito, hata kama mtumiaji hakuulizwa.

Idadi ya spishi

Hiki ndicho kipimo kinachoeleweka na kila mtu, na hilo peke yake ni sifa kubwa. Ukienda kwenye mkutano wa kijiji ukasema "msitu wetu una spishi 64 za miti", hakuna atakayekuuliza logi (logaridhimu) ni nini. Kinaheshimu pia kila spishi, hata ile yenye kiumbe mmoja tu. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuzuia spishi zisitoweke, hilo ni jambo la msingi.

Udhaifu wake unajulikana kidogo kuliko unavyostahili. Idadi ya spishi inategemea mno juhudi za mpimaji. Vuta wavu mara moja utapata spishi 12, vuta mara kumi utapata 20, vuta mwaka mzima, usiku na mchana, masika na kiangazi, utapata zaidi. Ripoti mbili zenye juhudi tofauti haziwezi kulinganishwa kwa kipimo hiki bila kusawazishwa kwanza. Tena macho ya mtu yana nguvu tofauti. Mtaalamu wa furu ataona spishi kumi pale ambapo karani wa mwaloni, mahali samaki wanaposhushwa, ataandika "furu" na kuendelea na kazi.

Urudie wavu wa tatu uutazame vizuri. Spishi 11 kati ya 12 zimeonekana mara moja tu. I. J. Good, mwanahisabati wa Uingereza, alichapisha mwaka 1953 kanuni aliyosema chimbuko lake ni Alan Turing, ambaye walifanya kazi pamoja ya kuvunja maandishi ya siri ya adui wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ukigawanya idadi ya spishi zilizoonekana mara moja kwa idadi ya viumbe wote uliowapata, unakadiria uwezekano kwamba kiumbe utakayefuata kumpata atakuwa wa spishi ambayo bado hujaiona. Hapa ni 11 kwa 100, yaani asilimia 11. Kwa wavu wa kwanza na wa pili jibu ni sifuri. Kwa hiyo ile 12 si idadi ya spishi za pale. Maana yake ni "angalau 12, na kazi haijaisha". Kama utachukua jambo moja tu katika makala hii, napendelea liwe hili: kila unapoandika idadi ya spishi, andika pembeni yake ni ngapi zilizoonekana mara moja.

Shannon

Claude Shannon hakuwa na habari na samaki wala miti. Alikuwa mhandisi na mwanahisabati katika maabara za kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, na mwaka 1948 alitafuta njia ya kupima habari inayobebwa na ujumbe. Wanaikolojia waliiazima. Swali lake, likiletwa ziwani, ni hili: ukifumba macho ukachota samaki mmoja, una shaka kiasi gani juu ya spishi yake? Katika wavu wa tatu shaka ni ndogo, kwa sababu karibu kila mara utashika sangara. Katika wavu wa kwanza shaka ni kubwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa kila spishi chukua sehemu yake ya jumla, uiite p. Sangara 50 kati ya 100 ni 0.5. Zidisha p kwa logi asilia ya p, jumlisha za spishi zote, kisha ondoa alama ya hasi. Lahajedwali lolote linafanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Shannon inasikiliza spishi adimu na spishi za kawaida kwa pamoja, kila moja kwa kadiri ya wingi wake. Ndiyo maana wavu wa kwanza umeshinda: zile spishi kumi za furu, ingawa hakuna iliyofika hata asilimia kumi ya viumbe, kwa pamoja zina sauti. Kwa mtu anayetaka kipimo cha katikati, hapa ndipo mahali pake.

Ina mitego miwili. Wengine hutumia logi asilia, wengine logi ya msingi wa 2, wengine ya 10, na namba zinazotoka hazifanani hata kama data ni ile ile. Usilinganishe H yako na ya ripoti nyingine kabla hujajua walitumia logi gani. Mtego wa pili ni ugumu wa kutafsiri namba. Ukimwambia mtu H ilikuwa 1.84 na sasa ni 1.39, hajui kama kilichopotea ni kidogo au ni janga. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu lina dawa.

Simpson

Edward Simpson, Mwingereza, naye alipita Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kuvunja maandishi ya siri, kwenye kazi ile ile wakati wa vita, na mwaka 1949 alichapisha kipimo chake kwenye jarida la Nature. Anauliza hivi: ukichota samaki wawili bila kuchagua, kuna uwezekano gani wawe wa spishi moja? Zidisha kila p kwa p yenyewe, jumlisha, utapata D. Katika wavu wa kwanza ni 0.275, wa pili 0.25, wa tatu 0.79.

Kwa kuwa kila sehemu inazidishwa kwa nafsi yake, spishi kubwa zinakuwa na nguvu sana na ndogo zinapotea kabisa. Spishi yenye asilimia moja inachangia 0.0001. Unaweza kuiondoa na Simpson isitikisike. Hicho ndicho kinachomfanya apendwe na wanaofuatilia wavuvi na mavuno: kipimo hakiyumbi kwa sababu ya spishi moja iliyokosekana siku hiyo, na kinatulia haraka hata sampuli ikiwa ndogo. Kwa sababu hiyo hiyo, spishi adimu inaweza kuelekea kutoweka huku Simpson akikuambia hakuna lililobadilika.

Tahadhari ya pekee ni kwamba jina hili linabeba namba tatu. Kuna D, kuna 1 − D, na kuna 1 gawanya kwa D. Ya kwanza hushuka uanuwai unapopanda, na mbili nyingine hupanda pamoja nao. Ripoti ikisema "Simpson ni 0.3" bila kueleza ni ipi, huwezi kujua kama ni habari njema au mbaya.

Ziwa na mbuga

Ziwa Victoria linaonyesha kwa nini mambo haya si ya darasani tu. Sangara alipandikizwa humo miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitokea hasa Ziwa Albert. Kwa miaka mingi alionekana kidogo, halafu miaka ya 1980 akalipuka. Ziwa lilikuwa na furu wa spishi zaidi ya 500, wengi wao hawapatikani penginepo duniani, na waliwahi kuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wanaoishi karibu na sakafu ya ziwa. Ndani ya miaka michache walikuwa wamebaki kidogo sana, na inakadiriwa spishi kama 200 zimetoweka au ziko ukingoni. Sangara hakuwa peke yake kwenye lawama: maji yaliyochafuka kwa mbolea na udongo kutoka mashambani yalipunguza mwanga, na furu ambao majike huchagua dume kwa rangi wakaanza kuchanganyika kwa kuwa hawaonani vizuri. Ningu alikuwa ameshamalizwa kabla, kwa nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito wakati akipanda kutaga.

Ukitumia Simpson kwa ziwa la wakati ule, ungeona anguko mapema, kwa sababu spishi moja ilikuwa inameza sehemu ya wengine. Idadi ya spishi ingechelewa, maana furu wachache wachache waliendelea kuonekana. Kisha ungefika wakati ambapo Simpson hana tena la kusema. Sangara, dagaa na sato wameshatawala, na kuondoka kwa furu wa mwisho wa spishi fulani hakumgusi. Hapo idadi ya spishi ndiyo peke yake inayotoa kengele. Katika historia ya ziwa moja, kipimo bora kimebadilika.

Sasa twende Serengeti. Sotoka iliua nyumbu wengi tangu ilipofika Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya ng'ombe wa kandokando kuchanjwa, ugonjwa ukapotea kwa wanyamapori mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu walikuwa kama 250,000. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa takriban milioni 1.3. Kwa wanyama wala majani wa Serengeti, Simpson (1 − D) lazima alishuka, kwa kuwa spishi moja iliwaacha wengine mbali. Lakini mbuga ilikuwa inapona. Nyumbu wengi walipunguza majani marefu, moto wa kiangazi ukakosa kuni, na miti ikapata nafasi ya kukua tena.

Spishi moja kutawala kuliumiza ziwa na kuliponya mbuga. Shannon na Simpson wanaeleza umbo la mgawanyo. Afya ya mahali unaijua kwa kumjua huyo anayetawala: ni mwenyeji au mgeni, anakula nini, na bila yeye nini kingetokea. Nimeona ripoti nyingi zinazoandika "fahirisi imeshuka, kwa hiyo mazingira yameharibika", na sentensi hiyo hunisikitisha kila mara, kwa sababu wenye kusoma ni watu wanaoamua kufunga eneo au kulifungua.

Dawa ya namba zisizosomeka

Mwaka 1973 mwanaikolojia Mark Hill alionyesha kwamba vipimo hivi vitatu ni ndugu wa ukoo mmoja, na vinaweza kuandikwa kwa kizio kimoja, yaani spishi. Namba inayotoka inajibu hivi: jamii hii ina uanuwai sawa na jamii yenye spishi ngapi zilizolingana kabisa? Kwa Shannon unachukua e (msingi wa logi asilia, kama 2.718) na kuipandisha kwa kipeo cha H. Kwa Simpson unagawanya 1 kwa D. Idadi ya spishi inabaki kama ilivyo.

| Kwa kizio cha spishi | Wavu wa 1 | Wavu wa 2 | Wavu wa 3 |
|---|---|---|---|
| Idadi | 11 | 4 | 12 |
| Kutoka Shannon | 6.3 | 4 | 1.8 |
| Kutoka Simpson | 3.6 | 4 | 1.3 |

Usome kila safu kutoka juu kwenda chini. Wavu wa pili haushuki, 4, 4, 4, kwa sababu umelingana kabisa. Wavu wa kwanza unashuka taratibu. Wavu wa tatu unaporomoka kutoka 12 hadi 1.3, maana yake kwa anayevua ni kama kuna spishi moja na chenji kidogo. Kasi ya kuporomoka ndiyo inayokuonyesha utawala wa spishi moja. Nikiulizwa nichague kitu kimoja cha kuweka kwenye ripoti, naweka namba hizi tatu kwa pamoja, na naona hakuna sababu nzuri ya kuendelea kuandika H peke yake. Programu ya takwimu ya R ina vifurushi vya bure vya vegan na iNEXT vinavyozitoa zote, na hicho cha pili kinasawazisha pia juhudi za sampuli.

Mikoko, ambako vipimo vyote hivyo vinateleza

Pwani yetu ina spishi kama kumi tu za mikoko. Ukipima kiwanja kimoja kimoja, idadi itakuwa ndogo popote uendapo, iwe Gazi, Chwaka au delta ya Rufiji. Mtu anayelinganisha viwanja kwa utajiri wa spishi atahitimisha kwamba mikoko ni mahali maskini.

Mikoko imejipanga kwa mikanda. Mlilana husimama mbele kabisa, maji yanakopiga. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, spishi yenye mizizi ya matao, kisha muia na mkandaa, na mchu kuelekea nchi kavu ambako chumvi huganda (ingawa mchu ni mstahimilivu na unaweza kuuona pia mbele, upande wa bahari). Kila mmoja ana kiwango chake cha kuvumilia kufunikwa na maji. Uanuwai wa mikoko uko katika tofauti kati ya mkanda na mkanda.

Kwa hali kama hiyo tunamhitaji Robert Whittaker, Mmarekani aliyependekeza mwaka 1960 tugawe uanuwai katika ngazi. Alfa ni wa kiwanja kimoja, gama ni wa eneo zima, na beta ni tofauti kati ya viwanja. Kwa njia yake rahisi unagawanya gama kwa wastani wa alfa. Tuchukue viwanja vitano vya mfano kutoka baharini kwenda juu: mlilana peke yake; mkoko peke yake; mkoko na muia; muia na mkandaa; mchu peke yake. Wastani wa alfa ni 1.4, gama ni 5, beta ni 3.6 hivi.

Sasa fikiria eneo lote limekatwa, kisha mradi ukaja kupanda. Mche wa mkoko ni rahisi sana. Ule mchirizi mrefu unaoning'inia mtini umeshaota kabla ya kuanguka, unauchomeka tu kwenye tope na umemaliza. Kwa hiyo panapandwa mkoko kila mahali. Baada ya miaka kadhaa alfa ni 1, na mtu akitazama kiwanja kimoja kimoja ataona kushuka kutoka 1.4 hadi 1, jambo dogo. Gama imetoka 5 hadi 1. Beta imefikia 1, yaani hakuna tofauti yoyote kati ya viwanja. Hasara yote imefichwa mahali ambapo kipimo cha kiwanja hakifiki. Kwenye mstari wa mbele, wa mlilana, miche ya mkoko mara nyingi hung'olewa na mawimbi au kufa, kwa hiyo hata hiyo 1 haipatikani.

Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, ina spishi zote tisa za mikoko zilizopo Kenya, na ndipo ulipo mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 jamii inauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo. Kaboni inaweza kupimwa kwa tani bila kujali spishi. Anayetaka msitu udumu hana budi kupima beta pia.

Kinachopotea vipimo vyote vikikubaliana

Kuna jambo moja ambalo haliguswi na idadi, na Shannon, na Simpson, wala na beta kwa umbo lake la kawaida. Vyote vinahesabu spishi bila kuuliza ni nani.

Katika milima ya Usambara Mashariki kuna mti uliopandwa mwanzoni mwa karne ya 20 ambao watu wa misitu huuita mesopsis. Kwao ni magharibi mwa Tanzania na Uganda, ambako Waganda huuita musizi. Ukataji wa mbao katika karne hiyo ulifungua msitu, mesopsis ikaenea, na hondohondo wakasaidia kwa kula matunda na kutawanya mbegu. Mwanzoni, kiwanja chenye spishi 30 za asili kinapopata mesopsis kinakuwa na spishi 31. Kipimo kimepanda. Kwa kipimo hicho Amani, hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, imepata faida. Kwa yeyote anayejua kwamba sehemu kubwa ya thamani ya Usambara ni mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine, hapo hakuna faida.

Chura wa Kihansi ni mfano mkali zaidi. Chura huyu mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa vitoto badala ya kutaga mayai, aliishi kwenye eneo la kama hekta mbili linalolowanishwa na rasharasha za maporomoko ya Kihansi, milimani Udzungwa. Bwawa la umeme lilipoanza kuchukua maji, rasharasha zikapungua. Mashine za kunyunyizia maji zikawekwa, lakini mwaka 2003 chura walikufa kwa wingi, na ugonjwa wa ukungu ulikuwepo. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini; waliookolewa na kuzalishwa katika bustani za wanyama za Marekani ndio waliowezesha kuanza kurudishwa mwaka 2012. Kwenye orodha ya vyura wa Tanzania, kutoweka kwake kungekuwa upungufu wa spishi moja. Duniani alikuwa yupo hapo tu.

Kwa hiyo hakuna fahirisi inayoweza kuchukua nafasi ya orodha ya majina. Pamoja na namba zako, andika ngapi kati ya spishi zako hazipatikani kwingine, ngapi ni wageni, na ngapi ziko kwenye hatari. Hesabu hizi tatu ni rahisi kuliko logi, na kwa maoni yangu ndizo zinazopaswa kusomwa kwanza.

Basi uchague nini

Kama unafuatilia mavuno ya mwaloni mwezi hadi mwezi, sampuli zako ni ndogo na unataka kujua kama spishi moja inazidi kutawala, chukua Simpson kwa umbo la 1 gawanya kwa D. Kitatulia mapema na hakitakuyumbisha kwa sababu ya mumi mmoja aliyeingia jana.

Kama unalinda msitu wenye spishi adimu, chukua idadi ya spishi, iliyosawazishwa kwa juhudi, pamoja na idadi ya zilizoonekana mara moja. Simpson atakusinzisha.

Kama unalinganisha mashamba mseto, misitu ya vijiji au miamba ya matumbawe, ambako spishi za kati zina kazi kubwa, Shannon kwa kizio cha spishi inafaa zaidi. Andika logi uliyotumia hata kama unaona ni jambo dogo.

Kama eneo lako lina mikanda, iwe ya kimo cha mlima, ya chumvi au ya kina cha maji, usianze na kiwanja hata kidogo. Anza na beta.

Na kama kikundi chenu cha ufuo kina daftari moja, kalamu na watu wawili wa kuhesabu, achaneni na fahirisi kwa sasa. Andikeni tarehe, mahali, aina ya wavu na ukubwa wa macho yake, muda wavu uliokaa majini, na idadi ya kila aina kwa jina la kienyeji. Furu wasiandikwe "furu" tu. Watenganisheni angalau kwa umbo na chakula, wanaokula konokono, wanaokula samaki, wanaokula mwani, wenye rangi nyekundu, wenye rangi ya buluu. Mtu mwenye kompyuta anaweza kuzitoa fahirisi zote kutoka daftari hilo hata miaka 20 baadaye, lakini hakuna fahirisi inayoweza kurudisha majina ambayo hayakuandikwa.